Mpira wa Vijiti, Bombambili

Katika miaka ile ambayo bidhaa zilianza kumiminika nchini, na watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni wakajikuta wanachagua rangi ya sabuni, mimi nilianza kukusanya mashine za gemu zilizopitwa na wakati. Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke mtu mzima, sina mume, nimepanga nyumba ya vyumba viwili Bombambili. Ndugu zangu waliyaunganisha mambo hayo wakapata jibu lao. Walisema hakuna mwanamume atakayemposa mtu mwenye sanduku la bati lililojaa nyaya. Huenda walikuwa sahihi, ila sikumbuki kuona wanaume wakisukumana mlangoni kabla ya nyaya hizo.

Mashine nyingi nilizipata kwenye ghala la misheni. Makontena yalikuja kutoka Ujerumani yakiwa na makoti mazito, miwani, baiskeli za watoto, na vitu vingine ambavyo familia za huko zilivitoa stoo bila kujiuliza huku vitafanya kazi gani. Makoti yaligombaniwa, maana baridi ya Songea mwezi wa sita si ya kuchezea. Mashine za gemu zilitupwa kwenye kona pamoja na viatu vya kutelezea kwenye barafu. Bruda mzee aliyesimamia ghala alifurahi kila aliponiona, kwa sababu nilimpunguzia kona. Nyingine niliwaomba wenye mabanda ya video pale mjini, waliokuwa wanazitupa baada ya kupata mpya.

Vijana walizitaka hizo mpya, zenye kaseti za rangi na watu wanaoruka na kupigana mateke. Mimi zilinichosha. Nilipenda mashine ambayo ukiitazama kwa siku chache unaona mwisho wa akili yake. Nilikuwa na moja yenye vifaru viwili vya mraba vinavyowindana kwenye uwanja mtupu. Nilikuwa na nyingine ya kushika mkononi, yenye kioo kama cha saa, ambapo mtu mmoja mweusi anadaka mayai mpaka achoke. Na nilikuwa na ya zamani kuliko zote, ya plastiki ya rangi ya chungwa, isiyojua kitu kingine isipokuwa mpira wa vijiti: kijiti cheupe kushoto, kijiti cheupe kulia, na kidoa kinachokwenda na kurudi katikati. Kila mchezaji alishika kirungu chenye waya, akakizungusha kama unavyozungusha kitufe cha redio, kijiti chake kikapanda au kikashuka. Ukikosa kidoa, mwenzako anapata pointi. Basi.

Nilikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi. Hakuna kituo kilichofika Songea wakati huo, kwa hiyo haikuwa na kazi nyingine ya kuhofia. Umeme ulikuja kwa mgao, leo kwetu kesho kwa wenzetu, na ukikatika niliunga televisheni kwenye betri ya gari niliyokuwa nachajisha mashineni kwa wasaga nafaka. Mashine yenyewe ilikula betri za tochi. Zikichoka nilizianika juani juu ya bati, kama kila mtu alivyofanya, zikapata nguvu ya jioni moja zaidi.

Siandiki haya kwa sababu ya mashine, ingawa ningeweza kuendelea nazo mpaka msomaji anikimbie. Naandika kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa mjane, mkulima wa Madaba, Mkatoliki wa kwenda misa hata akiwa na homa. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, alianguka karibu na ghala lake la mahindi, na alipoinuliwa upande wa kulia ulikuwa umelegea. Mguu ulirudi mapema. Mkono haukurudi. Nilimleta kwangu ili awe karibu na hospitali, nikampa chumba chenye dirisha, na sanduku langu la bati likahamia chini ya kitanda chake.

Swali lilikuwa shamba. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa baba. Mama alilishika kwa sababu alilima, na alilima kwa sababu alilishika. Mtoto alikuwa mmoja, yaani mimi, na mtoto wa kike hahesabiwi kwenye mambo ya shamba. Baba mdogo alikuja kumjulia hali mwezi wa nane, na kuku mkononi na maneno matamu mdomoni. Aliuliza kama mvua za mwaka huu zitalikuta shamba limelala. Akasema ikiwa ni hivyo, yeye yuko tayari kulitunza kwa muda. Mama alimshukuru. Baada ya mgeni kuondoka, sisi wote wawili tulijua kwamba kitu kinachotunzwa na baba mdogo hakirudi. Ilibidi mvua za mwisho wa mwaka zimkute mama shambani, jembe mkononi. Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka duniani.

Hospitalini walimpa mpira wa matambara aufinye. Aliufinya siku mbili akasema hajawahi kufanya kazi ya kijinga namna ile tangu azaliwe. Siku moja, nilipokuwa nasafisha mashine zangu kwa pamba na spiriti, alinyoosha mkono wa kushoto akachukua kirungu cha ile ya rangi ya chungwa. Akakihamishia mkono wa kulia. Akajaribu kukizungusha, na kifundo kikakataa. Alisema ni kama kukuza utambi wa taa ya chemli. Kazi ya kukuza utambi alikuwa anaijua, na ilimuudhi kwamba mkono wake umeisahau. Akaniambia niwashe.

Hivyo ndivyo mama alivyoanza kucheza gemu, akiwa na miaka sitini na kitu, ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, khanga kiunoni, na rozari shingoni.

Alicheza nami baada ya kazi, na Jumamosi alicheza na wanafunzi wangu waliokuja kutazama mashine. Walikuwa watoto wenye adabu. Waliingia, wakapiga goti kidogo, wakamwamkia shikamoo bibi, wakakaa, wakafungwa. Mimi pia nilikuwa nafungwa. Hatukula njama, hakuna aliyemwambia mwenzake. Ila huku kwetu nani angemzidi bibi mgonjwa, tena mbele ya watu? Mama alishinda kila mchezo. Nilijisifu moyoni kwamba nimepata dawa.

Jumamosi moja, katikati ya mchezo, usingizi ulimpitia. Kirungu kikateleza kutoka pajani kikaanguka kwenye mkeka. Kijana aliyekuwa anacheza naye hakujua la kufanya, kwa hiyo akaendelea kukosa. Kidoa kilikuwa kinapiga kijiti cha mama kilichosimama wima pale katikati, kinarudi, na kijana anakiacha kipite. Mama alizinduka akakuta ameshinda. Alitazama kioo, akatazama kirungu kilichokuwa chini, akamtazama kijana. Akauliza amemshindaje mtu huku amelala. Kijana akanitazama mimi.

Mama hakufoka. Alisema mashine irudishwe sandukuni. Kesho yake hakutaka kushika kirungu, wala mpira wa matambara, wala kikombe kwa mkono wa kulia. Alikula kwa kushoto na kutazama dirisha. Nilikasirika, na kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumkasirikia, nilisahihisha madaftari ya kidato cha pili kwa ukali ambao hawakustahili.

Jirani yetu alikuwa bwana shamba wa wilaya, Mhehe aliyehamishiwa Songea kutoka Iringa, mtu mwembamba mwenye baiskeli yenye makelele. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu vilipokwisha, na mpaka leo hawajakubaliana nani alimkimbiza nani. Mimi alinitania nusunusu, maana nakasirika haraka. Mama alimtania bila kuweka akiba. Tangu siku ya kwanza hakumwamkia shikamoo. Aliingia na "kamwene" ya kwao, mama akakataa kuitika mpaka aseme "monile" ya kwetu, na ubishi huo peke yake uliweza kuchukua muda wa chai kuchemka. Mama akimwona anapita nje alikuwa anauliza kwa sauti kama mbwa wa mtaa wote wamefungiwa ndani, kwa kuwa Mhehe ana njaa.

Habari za ule ushindi wa usingizini zilimfikia. Alikuja jioni na mapapai mawili, akasimama mlangoni, akasema, "Nasikia humu ndani kuna Mngoni ameshinda vita akiwa amelala. Si ndivyo mlivyoshinda zote?"

Nilitaka kumfukuza. Mama akainua kichwa, kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, na macho yake yalikuwa na hasira safi, hasira ya mtu mzima mwenye afya.

"Washa hicho kitu," akaniambia.

Alifungwa vibaya. Bwana shamba hakumwachia kidoa hata kimoja. Kila pointi ilikuwa na maneno yake: mkono huo ni wako au umeazima, mbona unazungusha kama mtu anayesonga ugali wa msibani, ndiyo maana bibi yako alituachia mifugo akakimbia. Mama alimjibu neno kwa neno na huku kifundo kinahangaika, jasho linamtoka puani. Nilisimama karibu na mlango nikiwa sijui kama naangalia ukatili au matibabu. Walipomaliza, mama alikuwa amechoka kama aliyetoka kupalilia. Akasema, "Kesho uje."

Akaja. Akaja karibu kila jioni iliyokuwa na umeme, na ya giza tuliunga betri. Nami nilijifunza kuwaacha. Nilianika betri za tochi, nikapangusa kutu kwenye vichwa vyake, nikatafuta chaneli kwa kuzungusha kitufe mpaka vijiti viwili vitulie, kisha nikaketi pembeni. Mkono ulianza kuamka kidogo kidogo. Kwanza kifundo. Kisha dole gumba. Mama aliweza kushika kikombe, akaweza kufunga kifungo cha gauni, akaweza kukuza utambi wa chemli, jambo alilolifanya na kulirudia mpaka gharama ya mafuta ya taa ikaniuma. Bado alikuwa anafungwa, lakini sasa kwa tofauti ndogo.

Ndipo alipojiwekea sharti. Alisema siku atakayomfunga Mhehe huyu ndiyo siku ya kurudi Madaba. Alinieleza kwamba daktari anasema maneno ya kumtuliza, mimi nasema maneno ya kumtuliza, padri naye hivyo hivyo, na kwamba katika Songea nzima mtu pekee asiyemwonea huruma ni huyu mla mbwa. Akimfunga yeye, basi mkono umepona na unaweza jembe. Ilikuwa hesabu sahihi, na mimi ni mwalimu wa hesabu.

Baba mdogo alipita tena mwezi wa kumi na moja, safari hii bila kuku. Alimkuta mama kwenye mkeka akipigana na vijiti, akatazama kwa muda, akasema kwa upole, "Shemeji, si upumzike tu." Mama alimjibu kwamba anapumzika ndiyo maana anacheza. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima ya Matogoro, na wote watatu tuliyaona.

Wiki hiyo nilimpeleka hospitali. Baada ya kumpima, daktari aliniita pembeni kwenye ukumbi. Alisema mkono umefika ulipoweza kufika. Utashika kikombe, utashika rozari, hautashika jembe. Aliniuliza kama nataka amwambie mgonjwa mwenyewe au nitamwambia mimi. Nikasema nitamwambia mimi. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mama akinieleza njia nzima aina ya mbegu atakazopanda, na mimi nikaitikia kila aina.

Sikumwambia. Niliposhindwa kubeba peke yangu, nilimweleza bwana shamba kwenye ua wa matete kati ya nyumba zetu. Alishika usukani wa baiskeli akanisikiliza mpaka mwisho. Hakutoa hata neno moja la utani, na nilimshukuru kwa hilo. Nilidhani nimemweleza mtu mzima siri, na siri itakaa.

Kesho yake jioni aliingia kwetu, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye mkeka. Mkono wake ulisimama juu ya kirungu. Aliitika "marahaba" taratibu, kama mtu anayepokea kitu asichokiagiza. Wakaanza kucheza. Mimi nilikuwa napepeta mchele karibu na mlango, na mara moja nikajua, maana niliwahi kufanya kazi ile ile: kijiti cha bwana shamba kilikuwa kinachelewa kidoa kwa nusu sekunde. Si kwa uzembe. Kwa uangalifu mkubwa. Kidoa kikapita. Kikapita tena. Hakusema chochote kuhusu mababu wala ugali wa msibani. Mchezo ulipokwisha, mama alikuwa ameshinda.

"Umenishinda, mama," akasema, na akatabasamu.

Mama hakutabasamu. Aliweka kirungu chini, akakisogeza mbali kidogo.

"Daktari kasema nini?" aliuliza.

Bwana shamba alinitazama. Macho ya mama yakafuata macho yake mpaka kwangu, na hapo hapakuwa na pa kukwepea. Nikamwambia. Nilisema neno kwa neno kama daktari alivyosema, kikombe, rozari, jembe, kwa sababu sikuweza kutunga mengine. Sauti yangu ilitoka kama ya darasani. Mama alisikiliza. Alifungua mkono wa kulia akautazama, akaufumba kadiri ulivyokubali kufumbika, akaufungua tena. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa ncha ya khanga, kwa mkono wa kushoto.

Kisha akamgeukia mtani wake. "Na wewe," alisema. "Nilikuwa na mtu mmoja."

Bwana shamba aliinamisha kichwa. Sijawahi kuona mtu mzima akiaibika kwa wema wake namna ile. Alianza kusema kwamba alifikiri tu, kwamba kwa hali ilivyo, na mama akamkatiza.

"Shika kirungu chako. Nifunge kama juzi."

Wakacheza. Mwanzoni alisuasua, mama akamwambia kama hawezi aende zake akatafute mwanamke wa kumpikia. Basi akamfunga. Alimfunga kwa ukamilifu, kidoa baada ya kidoa, na maneno yakarudi, kwanza kwa shida, kisha yakamwagika: kuhusu bibi aliyekimbia, kuhusu Wangoni wanaolala vitani, kuhusu mkono ambao hata kuku wa Madaba watauchekelea. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na hakukosa hata mara moja kumjibu. Alishindwa vibaya kuliko siku ya kwanza. Mashine ikalia mlio wake wa mwisho, mama akapumua, akasema sasa amejua mkono wake umefika wapi.

Asubuhi aliniagiza nimtafutie jembe la mpini mfupi. Nilimkumbusha alichosema daktari. Alijibu kwamba daktari amezungumzia mkono wa kulia. Nilimkumbusha sharti lake mwenyewe, kwamba hajamfunga Mhehe. Akasema sharti lile lilikuwa la kujua, na ameshajua, sasa anahitaji jembe. Nilimpandisha basi la barabara ya Njombe na gunia la mbegu na rozari yake, na mvua za kwanza zilimkuta shambani.

Nilimfuata shule ilipofungwa. Alikuwa amelima kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishikilia tu mpini usiyumbe, tangu nyumbani mpaka njia inayokatiza shamba. Chini ya njia hakufika. Sehemu hiyo baba mdogo aliilima mwaka uliofuata bila kuuliza mtu, na haikurudi. Ya juu ilibaki ya mama mpaka alipofariki.

Lakini siku ile niliyomfuata mahindi yalikuwa yametoka, yamefika magotini, na tulikuwa tumesimama tukiyatazama. Bwana shamba alikuwa na safari ya kikazi upande huo, akafika na baiskeli yake imejaa tope. Hakutoa shikamoo. Alitembea pembeni mwa shamba mikono nyuma, kama mkaguzi, akainama akatazama mistari kwa jicho moja, akauliza kama imepandwa na mtu au imekanyagwa na ng'ombe aliyelewa.

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Mimi, muda mfupi kabla ya hapo, nilikuwa nimemwambia kwamba mistari imenyooka vizuri sana, na hakunijibu kitu.